Treni za Bati na Zaka

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa darasani juu ya treni za bati za umeme, kama za Hornby wa Liverpool zilizotoka mwaka 1925, ambazo watu wazima leo huzikusanya kwa bei kubwa. Kitu cha kuchezea si haramu kwa asili yake: Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa mabawa, na Mtume (s.a.w.) alipomwona farasi huyo alicheka.

Mtoto wa Nuu, huko Kitui kusikofika reli, hujiundia gari kwa kopo na waya, akalikokota mpaka likaisha, hadaiwi kitu. Bali wewe uliyenunua kwa nia ya kuuza bei ipandapo, usituambie ni michezo tu! Hiyo ni mali ya biashara. Ukitimia mwaka, nayo imefika nisabu, toa zaka, fungu moja katika arubaini, kwa thamani ya soko ya siku hiyo, si ile uliyonunulia.