Njaa na Neno: Kwa Nini Wafaransa Waliuasi Ufalme?

Aghalabu tuulizapo kwa nini Wafaransa waliuasi ufalme wao, jibu la kwanza huwa ni njaa. Jibu hili lina uzito. Mavuno ya mwaka 1788 yaliharibiwa na ukame na mvua ya mawe, na kufikia Julai 1789 bei ya mkate mjini Paris ilikuwa imepanda mno. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba njaa peke yake haitoshi kuueleza uasi huo. Njaa ni msiba. Uasi huzaliwa pale msiba unapotambuliwa kuwa dhuluma, na utambuzi huo huhitaji lugha.

Historia ya Ufaransa yenyewe inatuunga mkono. Katika miaka ya 1693 na 1694 njaa iliangamiza zaidi ya watu milioni moja, ilhali Louis XIV aliendelea kutawala hadi alipofariki mwaka 1715. Mwaka 1775 masoko ya nafaka yalivamiwa, lakini wavamizi hao walitaka unga uuzwe kwa bei ya haki, bei ambayo wengi wao waliamini mfalme angeiridhia. Ikiwa ni tumbo tupu lililouangusha ufalme, mbona halikuuangusha mapema?

Jambo jipya lililozuka mwaka 1789 ni kwamba watu waliulizwa. Hazina ya Louis XVI ilikuwa imeelemewa na madeni, yakiwemo yale ya vita vya uhuru wa Marekani. Ikambidi aliite Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614, na parokia zikatakiwa kuandika daftari za malalamiko. Wanakijiji waliokuwa wameishi na kodi ya chumvi, zaka na ushuru wa kabaila kama watu waishivyo na kiangazi, sasa walikaa kitako wakayataja mambo hayo moja baada ya jingine. Jambo likishatajwa hivyo huacha kuwa majaliwa. Huonekana kuwa na mtendaji, na laweza kuondolewa. Daftari nyingi zilimheshimu mfalme kama baba. Ziliandikwa kwa matumaini.

Jukwaa lilikuwa limetangulia katika kazi hiyo. Tamthilia ya Beaumarchais, Le Mariage de Figaro, ilizuiwa na mfalme kabla ya kuigizwa hadharani mwaka 1784. Ndani yake mtumishi anahoji bwana wake amefanya lipi la kustahili cheo na mali, zaidi ya kuzaliwa. Hatudai kwamba tamthilia hiyo ilileta mapinduzi, maana wakulima wengi hawakuwahi kuiona. Tunachodai ni kwamba swali la Figaro na daftari za vijijini ni tendo la aina moja: mnyonge anadai sababu.

Baraza lilipofunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789, ilibainika kwamba kura zikihesabiwa kwa matabaka, makasisi na makabaila wangeweza kulishinda daima tabaka la tatu, lililokuwa karibu taifa zima. Aliyeombwa aseme akawa anaambiwa kwamba neno lake halina uzito. Tarehe 17 Juni wajumbe wake wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa. Tarehe 14 Julai Bastille ikatekwa. Mwezi Oktoba wanawake wa Paris walikwenda Versailles kudai mkate, wakarejea na mfalme mwenyewe. Hata hapo ufalme haukufutwa. Ulifutwa Septemba 1792, baada ya mfalme kujaribu kutoroka Juni 1791 na imani ya wengi kuvunjika.

Je, kunyimwa sikio kunahalalisha kila lililofuata? La hasha. Olympe de Gouges, aliyeandika tamko la haki za wanawake mwaka 1791, aliuawa kwa gilotini Novemba 1793 na serikali iliyojidai kusema kwa niaba ya umma. Wanamapinduzi nao walishindwa na mtihani uliomshinda mfalme.

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huo waweza kuwa udhuru wa mtawala asiyeuliza. Louis XVI aliuliza, akajibiwa kwa maandishi kutoka kila pembe ya nchi. Tangu siku hiyo hakuwa tena na udhuru wa kutojua.