Jee, Achekaye Ameridhika?

Wako watu wakikatazwa kumwiga mwenzao kwa lafudhi yake hujibu, "Mbona mwenyewe anacheka?" Jawabu hii yataka kupimwa.

Mtazame Mteso wa Busia au Malaba. Mpaka wa Waingereza ulimtenga na jamaa zake walio Uganda, na upande wa Kenya jirani zake walio wengi ni Waluhya, ambao lugha yao na yake si za asili moja. Mkahawani mchekeshaji wa televisheni akiigiza usemi wa watu wake, afanyeje? Akinuna, ataambiwa hajui mzaha. Akicheka, ataambiwa ameridhika. Hiyo ni hiari gani?

Sayed Kashua, Mwarabu raia wa Israel, aliandika mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2007, "Avoda Aravit", yaani kazi ya Kiarabu, maneno ambayo Mayahudi huyatumia kwa kazi mbovu. Ndani yake yumo Amjad, mwandishi wa gazeti, mwenye kuhangaika akubaliwe na Mayahudi. Baadhi ya Waarabu walimlaumu Kashua kuwa amewafedhehesha. Mimi simlaumu, kwani kalamu ilikuwa mkononi mwa mnyonge, na Mayahudi nao walichekwa mle mle.

Kwetu, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na katika Vitimbi akawa Mzee Ojwang', Mjaluo. Kalamu hapo haikuwa ya Mjaluo. Lakini Ojwang' alikuwa na mke, na hila, na hasira zake. Alikuwa mtu kamili. Yuko mwingine asiyepewa na mchekeshaji ila kusema "samba" mahali pa "shamba", basi. Huyo ndiye ninayemsikitikia.

Na Sura ya Hujurat, ilipowakataza watu kuwadharau watu wengine, haikuweka sharti kwamba anayechekwa awe amechukia.

Amma sisi watu wa mwambao, televisheni tunaisingizia bure. Huja mtu wa bara kutafuta kazi ya kupakua mizigo. Tukiwa barazani twamwigiza Kiswahili chake mbele ya uso wake, naye anacheka, maana mwenye mzigo ni mmoja wetu. Akisha kwenda zake twasifu, "Mtu mwema yule, hana makuu."