Je, Asiyejua Ana Hatia?

Katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo yetu, kuna ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto hulala mzima; asubuhi miguu imekakamaa, haimtii tena. Aliyelemaa hivyo hubaki kilema maisha yake yote. Ugonjwa huwashika hasa watoto na akina mama vijana. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umeonekana hata Kivu ya Kusini.

Sababu ni nini? Mihogo michungu ina sumu. Wazee wetu waliiloweka majini siku tatu au zaidi, ndipo wakaianika na kuitwanga. Lakini njaa au vita vikija, mama hupunguza siku za kuloweka. Huko Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, wengine waliloweka siku moja tu ili wauze upesi. Na wale wanaokula mihogo mitupu, bila samaki, nyama wala maharage, ndio wanaopatwa, maana mwili wao hauna kitu cha kuishinda sumu.

Sasa tuulize: mama aliyepika bugali huo, je, ana hatia kwa ajili ya miguu ya mtoto wake? Dhamiri yajibu: hapana. Pasipo kujua wala kutaka, hakuna hatia. Yeye alitaka mtoto ashibe. Anayemlaumu, au anayemtafuta mchawi kijijini, anaongeza uovu juu ya msiba.

Lakini swali halijaisha. Ujinga wa mmoja ni deni la mwingine anayejua. Katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, mtaalamu Howard Bradbury alitafuta njia nyepesi. Unga hutiwa katika bakuli, na alama huwekwa pale unga unapofika. Maji humiminwa na kukorogwa. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda tena mpaka kwenye alama. Halafu hutandazwa mkekani, tabaka nyembamba, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hupanda hewani, na bugali hupikwa siku ile ile. Mwaka 2010 watu wa Programu ya Taifa ya Lishe ya Kongo, wakishirikiana na chuo hicho, waliwafundisha akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka. Muda wote wa kazi ile hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo.

Huenda ukasema: «Chuo Kikuu ni cha wenye shule nyingi; sisi tuna nini?» Fikiri tena. Wenye elimu waliijua sumu. Akina mama walijua mkeka, jua na njaa ya watoto. Nani angeweza kukaa katika kila jiko kila siku, isipokuwa mama mwenyewe? Elimu iliyobaki kabatini ni kama mbegu iliyobaki ghalani wakati wa kupanda.

Nami yanipasa kusema ukweli. Siku nilipoeleza mambo haya darasani, mtoto mmoja aliniuliza: «Mwalimu, ulijua tangu lini?» Nilijua tangu miaka miwili. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani ni kazi ya dispensari, si yangu. Sikuweza kumjibu mtoto yule bila haya.

Basi tushike neno hili: hatia hufuatana na ujuzi. Mama asiyejua hana kosa. Mwalimu anayejua na kunyamaza analo. Mume anayejua, naye amharakisha mkewe kwa sababu gari la mchuuzi limesimama njiani, analo. Mchuuzi anayejua, naye ahesabu franka tu, analo pia. Na wewe, ndugu msomaji, tangu leo unajua. Usilale kabla hujamwambia jirani yako.