Nani Amemlea Mtoto Huyu Peke Yake?

Liko swali moja liingialo vijijini mwetu siku hizi kwa njia ya karatasi, nami naona ni swali la unyofu wa moyo kuliko la serikali. Mama asiyeolewa amekwenda Uingereza kufanya kazi. Mtoto amemwacha kwa nyanya yake. Sasa ataka mtoto amfuate. Anaambiwa athibitishe ya kuwa malezi ya mtoto yule yamo mikononi mwake peke yake. Basi ajibu nini, ikiwa baba wa mtoto yu hai, na kila baada ya miezi kadha hufika na kilo mbili za sukari, na mwaka mmoja alilipa karo ya muhula?

Kwanza tuifahamu sheria yenyewe. Mume na mke wakihamia kule pamoja, hapana awaulizaye ni nani kati yao aliyemlea mtoto. Lakini mzazi mmoja akiwa kule na wa pili amebaki huku, mtoto aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hupokewa kwa mojawapo ya sababu hizi: mzazi wa pili awe amekufa, au yule aliye Uingereza awe ndiye mwenye kuchukua malezi peke yake, au pawe na jambo zito sana la kufanya asikataliwe. Sheria hii haikutungwa kwa wasiooana tu, lakini wao ndio waiangukiao zaidi. Wauguzi wetu waliokwenda baada ya mkataba wa Kenya na Uingereza wa mwaka 2021 waweza kukutana nayo. (Wale wa kazi ya kuwatunza wazee hawakupata hata nafasi ya kuulizwa: walioomba kazi hiyo tangu tarehe 11 Machi 2024 walikatazwa kuleta watoto, na mwaka 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nchi za nje ukafungwa.)

Sasa litazameni neno hilo, “peke yake.” Kwetu ni neno geni. Mtoto hulala kwa nyanya, hula kwa shangazi, mjomba humpeleka hospitali, na jirani akimkuta njiani saa za masomo humrudisha shuleni bila kumwomba mtu ruhusa. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema ya kuwa baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wakiwa wameoana au hawakuoana. Basi mama huyu akiwa Kenya huambiwa, “Mzigo ni wenu wawili”, akifika Uingereza huambiwa, “Onyesha kwamba ni wako peke yako.” Si ajabu akichanganyikiwa.

Katika kuchanganyikiwa huko ndiko uongo huzaliwa. Mmoja humwua baba kwa kalamu, akaandika kwamba alikwisha kufa. Wa pili huapa mbele ya wakili kwamba hajapata kumwona tangu mimba. Wa tatu hukionyesha cheti cha kuzaliwa kisicho na jina la baba, akadhani kazi imekwisha. Kumbe cheti cha namna hiyo hakithibitishi neno. Zamani sheria ya Kenya ilimkataza karani kuliandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa ila wazazi wote wawili waombe, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba katazo hilo lapingana na Katiba. Nafasi iliyo tupu yaonyesha lile ambalo karani hakuruhusiwa kuandika, haionyeshi kwamba baba hakuwako.

Nasi walimu tumo katika jambo hili. Mama aweza kupiga simu toka mbali, akasema, “Mwalimu, niandikie kwamba baba yake hajakanyaga shule hiyo hata siku moja.” Naye mwalimu anayo daftari mbele yake, na ndani yake imo stakabadhi yenye jina la mtu yule. Afanyeje? Wengine husema: aandike tu, maana ni kwa faida ya mtoto, na baba huyo alijifuta mwenyewe kwa matendo yake. Sikubali. Kama alijifuta, na iandikwe jinsi alivyojifuta: alikuja mwaka gani, alileta nini, aliitwa mara ngapi asije. Kuandika kwamba hakuwako kamwe ni kumshuhudia uongo mtu aliye hai. Tena afisa akigundua hati moja ya uongo, ombi laweza kukataliwa, mtoto awe alijua au hakujua.

Lakini neno linisikitishalo zaidi ni hili: mara nyingi uongo ule haukuwa na haja. Mwaka 2006, katika shauri lililotoka Yemeni, baraza la rufani la Uingereza lilieleza maana ya neno hilo gumu. Halikuuliza nani amwoshaye mtoto na kumpikia. Liliuliza ni nani aliyeendelea kuyaongoza maisha yake na kukata mashauri makubwa: shule ipi, tiba gani, akae wapi, afuate dini gani. Nyanya aweza kumlea kila siku, na mama akabaki ndiye mwenye kukata shauri. Baba naye, akileta sukari na karo ya muhula mmoja pasipo kushauriwa wala kutoa shauri, si lazima aharibu ombi la mama. Basi barua ya mwalimu isemayo, “Baba alilipa mara moja, kwa mambo mengine yote humpigia mama simu, na mama ndiye aamuaye,” ina nguvu kuliko ile isemayo “kamwe,” kwa kuwa daftari, kadi ya hospitali na hesabu za fedha zilizotumwa kwa simu zote huitikia vivyo hivyo.

Na tusidhani kila nchi huuliza kwa namna moja. Marekani swali limegeuzwa. Zamani mama aliweza kumwombea mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, lakini baba hakuweza kwa jina la ubaba huo tu. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya huko iliiacha sheria hiyo isimame, hata mwaka 1986 ikabadilishwa. Tangu hapo baba wa namna hiyo huweza kuomba, ila athibitishe kwamba alikuwa baba kweli kweli kabla mtoto hajatimiza miaka 21, kwa barua, kwa fedha, kwa kumtembelea. Mmoja huulizwa kama baba hakushiriki, mwingine huulizwa kama alishiriki. Mzazi aliyezoea kuandika lipendezalo afisa atayaandika maisha yale yale kwa namna mbili. Na mtoto, ambaye amjua baba yake kwa sura na kwa sauti, siku moja atakuwa mtu mzima aliyesoma, ataziona hati hizo.

Wako pia akina baba waliojificha miaka mingi, nao wakisikia habari za ndege hutokea, wakataka fedha kwanza ndipo watie sahihi barua ya kumruhusu mtoto. Sahihi hiyo mimi siiti ridhaa, ni biashara.

Limebaki lililo gumu. Yuko mama ambaye baba wa mtoto wake hushiriki kweli: hulipa, hushauri, huja shuleni akiitwa. Huyu hawezi kusema “peke yangu,” na akisema kweli huenda mtoto asiruhusiwe. Mimi namwambia aandike kweli hata hivyo, aombe kwa ile sababu ya tatu, ya jambo zito, kama analo, wala asingoje mpaka mtoto atimize miaka 18. Tena kabla ya kuandika, akae na baba yule wajibizane swali ambalo karatasi haikuuliza: ikiwa baba yu karibu na hushiriki hivyo, kwa nini mtoto amekaa miaka yote kwa nyanya, wala si kwake?