Je, Tumwachie Dalali Kutununulia Nyumba?

Huenda u miongoni mwa wale waliojinyima miaka mingi ili wapate nyumba ya kuwasitiri watoto wao, na sasa fedha imetimia, au benki imekubali kukukopesha. (Suala la mkopo wenyewe na riba iliyomo ni refu, nalo silo ninalolikusudia leo.) Limebaki jambo linaloonekana dogo: umtumie dalali, au uende mwenyewe? Watu wengi hulipima jambo hili kwa fedha tu. Huuliza dalali atadai kiasi gani, na kama atawapunguzia bei kuliko ujira wake. Hesabu hiyo haina kosa, lakini naona uzito wa jambo hauko hapo.

Neno dalali tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni moja na neno dalili. Maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Dini ya Islam haikuiharamisha kazi yake. Imamu Bukhari, alipotaja ujira wa dalali, alieleza kwamba wanazuoni wa zamani kama Ibn Sirin, Ata na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Hata hivyo Mtume Mtukufu s.a.w. alimkataza mtu wa mjini asimuuzie mtu wa jangwani, na Ibn Abbas r.a. alipoulizwa maana ya katazo hilo alijibu kwamba asiwe dalali wake. Tena Mtume s.a.w. alikataza najashi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. Yule mteja mwingine asiyeonekana, ambaye siku zote yu njiani anakuja na fedha taslimu, ni najashi tupu, ingawa sisi hatuiiti kwa jina hilo.

Sasa tutazame Tunduru. Wenyeji wake wengi ni Wayao, na kwa mila ya Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamume akioa alikuwa akihamia kwa jamaa za mkewe. Basi yawezekana mtu akakaa katika nyumba miaka 20, akaijenga kwa matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, na kumbe kiwanja ni cha mama mkwe wake. Juu ya mila hiyo ipo sharia ya mirathi ya Kiislamu, ambayo Waislamu wa huko huifuata baadhi yao kwa ukamilifu na wengine kwa nusu. Na juu ya hayo ipo sheria ya nchi. Mwalimu aliyehamishiwa Tunduru kutoka Bukoba atayajuaje haya yote? Huiona nyumba, huona mlango na bati. Dalali aliyezaliwa pale anajua ni nani aliyezikwa nyuma ya nyumba ile, na ni ndugu gani hawasemezani. Hii ndiyo hoja kubwa ya kumtumia dalali, nayo ni hoja ya kweli.

Lakini tutazame jinsi anavyolipwa. Dalali hupata fungu lake biashara ikitimia. Isipotimia amechosha miguu bure. Akikuambia kwamba mke wa muuzaji hajaridhika, ameitupa riziki ya watoto wake ya siku ile. Akinyamaza, atalipwa. Hatuna haja ya kumdhania kuwa mwizi. Hata mtu mwema, ambaye nyumbani kwake hapajapikwa, hujikuta amesahau kutaja jambo moja. Na Tunduru wanayajua haya kuliko wengi wetu. Tangu miaka ya 1990, yakuti na vito vingine vilipoanza kuchimbwa pande za Mto Muhuwesi, na wanunuzi wakaja hata kutoka Thailand na Sri Lanka, udalali umelisha nyumba nyingi. Kijana aliyekwenda na kurudi kati ya mchimbaji na tajiri alijifunza upesi kwamba ujuzi wake una bei maadamu wale wawili hawajakutana.

Hayo ni ya dalali. Yako wewe ni mazito zaidi. Unapomweka mtu huyu katikati, je, unanunua ujuzi wake, au unanunua ruhusa ya kutojua? Maana ipo raha kubwa katika kusema, "Mimi sikujua, dalali aliniambia nyumba ni safi." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi huletwa karatasi yenye alama ya kidole gumba cha mwanamke, na mnunuzi hutosheka. Hakumwona mwenye kidole kile. Hakumsikia akisema neno.

Huenda utajibu kwamba aliyenunua kwa nia njema hana lawama, na kwamba mahakama itamlinda. Huenda ikamlinda. Lakini Mtume s.a.w. aliwaonya Masahaba kwamba hata yeye mwenyewe, akimhukumia mtu haki ya nduguye kwa sababu ya ufasaha wake wa kusema, amemkatia kipande cha Moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haikuigeuza haki ya mtu mwingine kuwa halali, muhuri wa wakili utaigeuzaje? Na nia gani ni njema, ya mtu aliyemlipa mwenzake ili asikie kwa niaba yake, kisha asiulize alisikia nini?

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mgeni amtumie dalali, ila mapatano yao yabadilike. Mlipeni kwa kazi ya kutembea na kuulizia, mkubaliane ujira huo mbele ya mashahidi na kuuandika, kama Kurani Tukufu inavyoagiza katika madeni, naye aupate hata nyumba ikikataliwa. Hapo ndipo ulimi wake utakapokuwa huru. Tena, lipo swali moja asilopaswa kuulizia yeye. Kama ardhi ni ya kijiji, nenda mwenyewe mbele ya halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa usimamizi wa ardhi hiyo. Kisha nenda kwa mke wa muuzaji. Utasema si adabu mwanamume mgeni kumhoji mke wa mtu. Kweli, basi nenda pamoja na mkeo, au na bibi mmoja anayeheshimiwa mahali hapo, mketi mkekani, na mwanamke yule aulizwe mumewe akiwa hayupo.

Yawezekana atasema hapana. Hapo utakuwa umepoteza ujira wa dalali, na utaendelea kulipa kodi ya nyumba kwa miezi mingine, na bei hazikungoji, kwani barabara ya Songea hadi Masasi sasa ni ya lami. Na nyumba ile yaweza kununuliwa wiki ijayo na mtu asiyeuliza kitu, nawe utakuwa ukipita mbele yake kila asubuhi ukienda kazini.