Kutoona si Kutokuwapo

Je, aweza mtu kusema kweli na bado akapotosha? Swali hili huulizwa mahakamani na katika majukwaa ya siasa. Ni nadra kuulizwa juu ya maelezo ya matumizi ya programu za kompyuta. Hata hivyo, katika maandishi hayo yasiyohesabiwa kuwa fasihi, swali lenyewe huwa zito kuliko linavyodhaniwa.

Achukuliwe, kwa mfano tu, fundi wa kompyuta mzaliwa wa Mombasa anayeishi Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, mtaa ambamo familia nyingi zilizotoka Kenya na Uganda zimekuwa zikiishi kwa miongo kadhaa. Usiku anaandika maelezo ya programu ndogo aliyoiunda: hupitia kompyuta nyingi kwa mtandao na kuorodhesha zile zinazohitaji kuzimwa na kuwashwa upya. Hospitali ya Northwick Park haiko mbali na hapo, na anayeishi jirani na hospitali anajua kwamba zipo mashine ambazo hazizimwi kwa matakwa ya fundi.

Haja ya programu hiyo ni hii. Kiraka cha usalama kinapowekwa, faili jipya huandikwa katika diski, lakini programu iliyokwisha kuanza kazi huweza kuendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo katika kumbukumbu. Katika Windows, faili lililo kazini mara nyingi halibadilishwi papo hapo. Mfumo huandika katika rejista yake kwamba badiliko lingoje kompyuta iwashwe upya. Ubuntu nayo huacha faili dogo liitwalo reboot-required. Orodha ya ofisini itasema kompyuta imekwisha kutibiwa, ilhali ugonjwa ungali ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hafichi, bali hana habari.

Programu ya fundi huyu hutafuta alama hizo. Isipoziona, huandika: “Haihitaji kuwashwa upya.” Lakini kukosekana kwa alama kwaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Huenda hakuna badiliko linalongoja. Huenda badiliko lipo, ila kile kilichopaswa kuweka alama hakimo katika mashine ile. Huenda kompyuta ilikuwa imezimwa na haikujibu kabisa. Mwandishi anayeziweka hali zote tatu chini ya neno “hapana” ameripoti sawasawa kile programu ilichokiona, na bado amempotosha msomaji. Shahidi mwaminifu hutenganisha “sikuona” na “haikutokea”.

Kosa hili lina gharama. Tarehe 12 Mei 2017, shambulio la WannaCry liliingia katika mifumo ya afya ya umma ya Uingereza. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza baadaye kwamba taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Huko viraka havikuwa vimewekwa, au mifumo ilikuwa mizee mno. Lakini kiraka kilichowekwa kikangoja kuwashwa upya kwaweza kuiacha kompyuta katika hatari ileile, huku wenyewe wakidhani wako salama.

Wala mkaguzi mwenyewe hana kinga. Novemba 2024, kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro tano katika needrestart, programu ya Linux ifanyayo kazi ya namna hii hii. Zilikuwamo tangu mwaka 2014, na zilimwezesha mtumiaji wa kawaida wa mashine kujitwalia mamlaka yote juu yake.

Atatokea wa kupinga: maonyo yakizidi hayasomwi, na msimamizi aliyechoka anataka jibu moja. Hoja hiyo haipuuzwi. Kusema “washa upya” kwa kila shaka nako ni dhuluma, kwa kuwa yupo muuguzi ambaye skrini yake itazimika katikati ya kazi. Lakini suluhisho la shaka si kuigeuza kuwa uhakika, wa upande huu wala ule. Ni kuipa shaka safu yake katika orodha, ili atakayeisoma ajue ni mashine zipi za kwenda kuziangalia kwa macho yake. Maelezo ya matumizi ni amana: msomaji hawezi kuiona programu kwa ndani, hivyo humwamini aliyeiona.

Kiswahili chenyewe kina nyenzo za uaminifu huo. “Haikuwashwa” hufunga habari. “Haijawashwa” huiacha wazi, na kudokeza kwamba liko jambo linalongojwa. Ndiyo maana anayeulizwa kama kazi imekwisha hujibu “bado”, na jibu hilo tayari lina deni ndani yake.

Basi fundi wa Kenton anafuta sentensi yake ya kwanza, iliyosema kwamba kompyuta isiyo katika orodha ni salama. Mahali pake anaandika kwamba kompyuta ambazo hazikujibu zitaorodheshwa peke yake. Juu ya orodha hiyo anaanza kuandika “hali haijulikani”, anasita, kisha anaandika “hali haijajulikana”.