Tundu Katika Chombo Kizima

Mtu ana mashua nzima isiyovuja, aliyoikalafati kwa mali yake na kuipaka deheni mwaka hata mwaka. Siku moja anaipandisha pwani, analala chali chini ya tumbo lake, na kwa hiari yake mwenyewe anaitoboa. Hakuna mwamba ulioigonga wala mchwa wa maji aliyeila. Ameitoboa ili aone kilicho chini yake. Jambo hili hufanyika kila siku katika bandari nyingi za dunia, na pwani yetu imo. Na kwa kuwa ni kazi ya mafundi, watu wa fikra wamewaachia mafundi. Mimi naona kwamba ndani ya tundu lile mna suala la maadili ambalo utamaduni wetu wa baharini unao uwezo wa kulijibu, nalo ni hili: je, mtu ana haki ya kutoboa chombo kinachobeba roho za wenzake ili apate kujua?

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Mashine ya kupimia kina kwa mwangwi, yaani sona, ina kioo kinachokaa mbele ya nahodha, na ina kichwa kinachokaa majini, ambacho mafundi hukiita transdyusa. Ndani ya kichwa hicho mna kipande cha kauri. Kikipitishiwa umeme hutetemeka, aghalabu mara 50,000 au 200,000 kwa sekunde, na kwa kuwa sikio la mwanadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi, hakuna aliyemo chomboni asikiaye lolote. Sauti hiyo hushuka, hugonga sakafu ya bahari na kurudi, na mashine huhesabu muda wa safari hiyo. Katika maji ya chumvi sauti huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo katika maji yaliyo baina ya Pemba na bara, ambayo kina chake hufika mita 800, mwangwi huchukua sekunde moja na kitu kidogo kwenda na kurudi. Samaki mwenye kibofu cha hewa huonekana vizuri, kwa sababu hewa iliyomo tumboni mwake huirudisha sauti. Papa, ambaye hana kibofu hicho, hupita kama kivuli. Asili ya elimu hii ni ugunduzi wa ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, wa mwaka 1880, na aliyeitia majini ni Mfaransa mwenzao, Paul Langevin, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, palipokuwa na haja ya kuzitafuta nyambizi. Tangu hapo imetumika kwa amani zaidi kuliko kwa vita. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilitumia mwangwi kukadiria samaki wa maji ya Tanzania katika miaka ya 1982 na 1983.

Kwa nini basi pawe na tundu? Chombo cha fibaglasi ngumu, isiyo na kiini chepesi katikati, chaweza kugandishiwa kichwa kwa ndani, na sauti ikapenya. Mbao hazina ruhusa hiyo: ndani yake mna vishimo vya hewa visivyohesabika, na sauti hufia humo. Kukifunga kichwa nyuma, penye tezi, kunawezekana, lakini huko rafadha hukoroga maji na kuyajaza mapovu, na mapovu ni hewa vilevile. Mwenye mashua ya mbao anayetaka kuona vyema hana budi kupitisha kichwa katika ubao, mbele ya rafadha, kando ya mkuku, mahali ambapo maji hupita yakiwa yametulia.

Fundi hupima, akapima tena. Hutazama ndani kama taruma halimzuii, hutazama nje kama ubao hauna mshono mahali pale. Hutoboa kwanza kwa keekee nyembamba, kisha hutoka nje kwenda kuhakikisha kwamba tundu dogo limetokea alipodhani litatokea. Ndipo huja na msumeno wa duara. Upana wa tundu aghalabu ni inchi mbili. Ubavu wa mashua umelala mshazari, na kichwa sharti kitazame chini wima. Kwa hiyo huchonga kabari mbili, moja ya nje na moja ya ndani, zinazoukubali mshazari ule. Mbao zilizochunwa na msumeno huzinywesha rangi au mafuta ya kuzuia maji. Kichwa chenyewe huchaguliwa cha shaba iliyochanganywa na bati, wala si cha plastiki, kwa maana ubao ukinywa maji huvimba, na ukivimba huibana plastiki hadi ikapasuka. Nayo shaba huwekwa mbali na misumari ya chuma, kwani vikigusana ndani ya maji ya chumvi chuma ndicho huliwa. Hupaka gundi ya baharini, hupitisha shina, hufunga nati kwa nguvu ya kiasi. Asikaze mno, maana gundi yote itatoka na shina litabaki kavu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu uzito wa suala umo katika vipimo. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, tundu la inchi mbili lililo mita moja chini ya uso wa maji huingiza zaidi ya lita 300 kwa dakika. Hayo ni madebe kumi na tano. Watu wawili wenye ndoo hawawezi kuyafua kwa muda mrefu.

Wako watakaosema kwamba wahenga wetu wasingekubali, kwamba chombo kizima hakitobolewi. Hoja hii ina sauti ya hekima lakini haina msingi. Wahenga wetu walitoboa kuliko sisi. Mtepe, chombo kilichotamba katika pwani hii kwa karne nyingi, haukuwa na msumari; mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na kila mshono ulipita katika tundu, na kila tundu lilizibwa kwa kijiti. Mgiriki mmoja asiyejulikana jina, aliyeandika katika karne ya kwanza kitabu cha Periplus ya Bahari ya Erithrea, anasema kwamba mji wa Rhapta uliokuwa katika pwani yetu uliitwa hivyo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Jahazi nalo likaja na misumari, na msumari hauingii bila keekee kuutangulia. Chombo kisichotobolewa ni gogo. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu uzima. Chombo kizima ni mkusanyiko wa matundu ambayo mikono yenye kujua imeyaziba.

Hivyo basi suala halisi ni nani anayetoboa, na kwa idhini ya nani. Hapa pana visa viwili ambavyo karibu kila mtu aliyelelewa pwani amevisikia, akiwa amekaa chuoni au mapajani mwa bibi yake. Kimoja ni mfano uliotolewa na Mtume Muhammad, wa watu waliogawana jahazi kwa kura, hawa juu na hawa chini. Wa chini waliona wanawaudhi wenzao kwa kupanda juu kila mara kuchota maji, wakaazimia kutoboa katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Kisa cha pili ni cha Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri, aliyeipasua jahazi ya maskini. Musa alishtuka akamlaumu, na baadaye akaelezwa kwamba nyuma yao alikuwako mfalme anayenyang'anya kila jahazi, na kwamba ila ile ndiyo iliyowaachia maskini mali yao.

Nimevitafakari visa hivi pamoja, kwa maana kimoja kikisomwa peke yake humfanya mtu mwoga, na kingine kikisomwa peke yake humfanya jeuri. Wale wa chini hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walitaka kuwapunguzia wenzao udhia. Kosa lao ni kudhani kwamba sehemu yao ni yao, hali ya kuwa maji hayajui mipaka ya kura. Khidhri hakuomba idhini, ni kweli. Lakini alikuwa na elimu isiyotoka kwa wanadamu, na faida yote ilikuwa ya wenye jahazi. Sisi wengine, ambao elimu yetu hutoka vitabuni na kwa mafundi, hatuwezi kujipa ruhusa yake. Sisi sharti tuulize. (Na hili, wenzangu tunaoshinda maofisini tulijue: aghalabu tunaoidhinisha matundu hatulali ngamani.)

Kuna jambo jingine ambalo halijasemwa vya kutosha. Kabla ya mashine, kina kilipimwa kwa bildi. Baharia alisimama omo, akatupa risasi yenye kamba, akaipima kamba kwa pima za mikono, kisha akapaza sauti: pima sita, pima tano, pima nne! Mabaharia wa bahari nyingi walipaka shahamu chini ya risasi ipande na mchanga au tope, wajue sakafu ni ya namna gani. Elimu ile ilikuwa ya kelele. Aliyekuwa akifua maji aliisikia, mpishi aliisikia, hata abiria aliyejifunika shuka aliisikia, na pima zilipopungua kila mmoja alijua la kufanya. Kioo cha sona hakipazi sauti. Kinamwonyesha mmoja, aliyekaa mbele yake. Tundu ni la wote, kwa kuwa likifumuka wote watazama. Lakini kinachopatikana kwa tundu hilo kimekuwa cha mtu mmoja. Hapo ndipo naona dhuluma inapoweza kuingia, na haiingii kwa mashine bali kwa jinsi ilivyowekwa.

Itaingia vilevile katika mgawo. Desturi ya uvuvi wetu ni kwamba samaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, na ya watu. Mwenye mashua akizidisha fungu la mashine, nalo likatolewa katika mafungu ya mabaharia, basi wao wamelipia jicho wasiloliangalia, na wanalalia tundu wasiloulizwa. Kiswahili, kwa sababu zake, kimetupa neno hilohilo moja, fungu, kwa sehemu ya mgawo na kwa mchanga uliojificha chini ya maji, na vyombo vimevunjika kwa yote mawili.

Wala tusiipambe mashine kwa sifa isizo nazo. Sona hii hutazama chini, haitazami mbele. Mwamba ulio hatua ishirini kutoka omo haitauonyesha mpaka uwe chini ya mkuku. Mzee anayelinganisha mnazi wa Kusini na mnara wa msikiti, akajua amefika penye changu, na kwa rangi ya maji akajua maji yanakupwa, bado ana kazi chomboni. Ningependa akae karibu na kioo, wasomeane.

Kwa hiyo nasema kioo kifungwe mahali ambapo kila aliyemo aweza kukiona, na kina kitajwe kwa sauti kama zamani, japo kimeandikwa kwa tarakimu. Na mashua ikishushwa majini, kazi ya fundi haijaisha. Kuvuja kwa namna hii mara nyingi si kwa kishindo. Ni tone, kisha tone, na ubao huchukua siku kadhaa kuvimba na kukaa sawa na shina. Usiku wa kwanza mtu hubaki ngamani kuitazama nati na kuipapasa kwa kidole kama pembeni pamelowana. Desturi humtupia kazi hiyo baharia mdogo kuliko wote. Kwa maoni yangu ni zamu ya mwenye mashua, aliyeagiza litobolewe. Apewe kurunzi, na mabaharia wakalale.